Alhamisi za Karani

Hapa Babati mwanamke akishazaa, jina lake huwekwa kando. Mimi nimekuwa Mama Abeli kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu akiniita kwa jina langu la ubatizo nageuka kutazama anaitwa nani. Mwanamke ninayemsimulia hapa hakuzaa. Hakuwa mama wa mtu yeyote, na kwa kuwa haikufaa kumwita mtu mzima jina lake kavukavu, watu walimwita kwa kazi yake: Karani. Akastaafu, akabaki Karani. Watoto waliozaliwa baada ya yeye kukabidhi funguo za masjala walimwamkia, "Shikamoo, Karani," bila kujua alikuwa karani wa nini.

Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Ndiye aliyefungua majalada, akapanga tarehe za kesi, akatoka mlangoni kuita majina ya wadai na wadaiwa. Wazee wa Bonga, kata aliyojenga nyumba yake, walisema sauti yake ilikuwa inavuka uwanja wa mahakama na kumkuta mtu kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, kikombe kikiwa mdomoni. Mimi sikuikuta sauti hiyo. Nilimfahamu baadaye, nilipofungua duka la steshenari karibu na stendi, la kutoa kopi, kuchapa barua na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Aliingia wiki ya kwanza na jalada la bluu lililofungwa kwa kamba ya kiatu, akasimama hadi nilipomkaribisha kiti, ndipo akakaa.

Karatasi aliziheshimu kuliko watu, au ndivyo nilivyodhani. Kopi nikimpa aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha na kuifumbia jicho moja.

"Mama Abeli, hii imelala upande."

"Imelala kidogo tu, Karani."

"Hakimu akisomeshwa karatasi iliyolala, naye analala. Toa nyingine."

Nilitoa nyingine. Alilipia zote mbili, ile iliyolala akaikunja na kuiweka mkobani, akisema itamfaa kuandikia upande wa pili. Tarehe aliiandika kwa maneno, hata kwenye orodha ya vitu vya sokoni. Na ukimwambia habari yoyote, kwamba maji yatakatika, kwamba fulani kamposa binti wa fulani, alikuuliza: "Kwa maandishi iko wapi?" Fundi mmoja aliyemwahidi kuziba paa lake kabla ya mvua aliandikishwa ahadi hiyo kwenye kipande cha mfuko wa saruji, akatia sahihi. Fundi huyo, anayejulikana mji mzima kwa kupotea, alifika siku ile ile aliyoahidi, saa moja asubuhi, na ngazi begani. Aliniambia hakuogopa mahakama. Aliogopa kile kipande cha karatasi, maana hakujua yule mama atakifanyia nini.

Basi ungedhani mtu wa namna hiyo anapenda kesi. Alikuwa anazichukia. Wakati wa kazi yake walikuja majirani wawili wa Singe waliogombea mpaka wa shamba, kila mmoja na mashahidi wake. Karani akawaketisha kwenye benchi moja, akaanza kuwaeleza taratibu: fomu hii, tarehe ya kwanza, tarehe ya kuahirishwa, siku ya mashahidi, siku ya kwenda kuona eneo, rufaa. Alieleza polepole bila kuruka hatua, mvua za kupandia zikiwa zimeanza. Alipofika kwenye rufaa aliwauliza, "Sasa mkishaanza hapa, mtalima saa ngapi?" Wakatazamana, wakaondoka pamoja. Alikuwa akijivunia majalada ambayo hayakufunguliwa kuliko yale aliyoyafungua. Nilimuuliza siku moja kama hakumuudhi hakimu kwa kumfukuzia kesi. Akasema hakimu alikuwa na shamba pia.

Hakuwa mtu wa mazoea. Msimu wa mbaazi alikuja na mfuko wa mbaazi mbichi kutoka kwake, akauacha kaunta, na nikimshukuru alinikatiza kwa kuuliza bei ya bahasha. Hakuwahi kula chochote dukani kwangu. Chai alikubali, lakini kikombe alikiosha mwenyewe kwenye bomba la nje na kukirudisha kikiwa kimefunikwa na leso.

Niligundua kwamba hasikii siku mwanafunzi wa sekondari alipoingia kujaza fomu, akamwambia, "Bibi, samahani, naomba kuazima kalamu."

"Marahaba," akajibu Karani.

Mwanafunzi akacheka, akidhani ni utani. Akarudia. "Marahaba, mwanangu," akasema tena, kwa upole zaidi. Nilimtazama usoni nikaona anamwangalia yule binti midomo, kwa bidii, kama mtu anayesoma mwandiko mbaya. Nikatoa kalamu yangu upesi. Kumbe kila kijana aliyemsogelea alimjibu hivyo, kwa kuwa kwa kawaida ndilo jibu linalotakiwa, na mara nyingi alipatia.

Alikuwa ameacha kwaya ya akina mama kanisani. Waliniambia wenzake kwamba alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kwa miaka mingi, kisha akaanza kuingia kabla ya wenzake, au kubaki akiimba peke yake wakati wote wamenyamaza. Hakuna aliyemwambia aache. Mwalimu wa kwaya alimsogeza mstari wa nyuma tu, na Jumapili iliyofuata hakuja. Akawa anasali ibada ya kwanza, ile isiyo na kwaya, akikaa karibu na mlango. Kwake Bonga majirani walikuwa wema, lakini wema wa mbali, wa kupunga mkono. Kuzungumza naye kulichosha. Ilibidi useme mara tatu, na jambo dogo likisemwa mara tatu linaonekana halikustahili hata mara moja.

Na huyu mtu wa maandishi, aliyemsainisha fundi kwenye mfuko wa saruji, ndiye aliyenunua kitu kwa kuona picha yake kwenye simu.

Alikuja nacho Alhamisi moja, ndani ya kisanduku cheupe, akakiweka kaunta na kukisukuma kwangu kwa kidole. Kilikuwa kifaa cha kusaidia kusikia. Duka la mtandaoni la Dar es Salaam lilikuwa limetangaza jozi, sikio la kulia na la kushoto, zinazochajiwa, zenye dhamana ya mwaka mzima, na chini yake maandishi: usiporidhika unarudishiwa fedha yako. Alilipa kwa simu. Mzigo ulishuka na basi, akaupokea mwenyewe stendi. Ndani kilikuwemo kifaa kimoja. Alikivaa siku mbili. Kilipiga mluzi, na kila sauti ikawa kama bisi zinazolipuka kwenye sufuria. Siku ya tatu kikazima, hakikuwaka tena.

Nilichukua karatasi nikamwandikia: *Kwa nini hukwenda hospitali?*

Alisoma, akaikunja karatasi. "Nesi wa pale mama yake aliimba nami," akasema. "Nilitaka nikae nacho ndani ya kilemba, watu waone tu kwamba nasikia."

Alikuwa amewaandikia ujumbe wale wauzaji. Walimjibu: *Mpendwa mteja, bidhaa za masikioni zikishavaliwa hazirudishwi kwa sababu za kiafya*, na alama ya viganja vilivyounganishwa. Akawauliza mtu atajuaje kama kifaa cha sikio kinafanya kazi bila kukivaa. Wakamtumia ujumbe ule ule, na viganja vyake. Akaniomba nipige simu.

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Akapokea binti mwenye sauti nzuri. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, kisha akasema, "Pole sana, dada. Lakini hapa tunaongea na mteja mwenyewe tu, aliyelipia."

"Mteja mwenyewe hasikii. Ndiyo maana alinunua."

"Nimekuelewa, dada. Ni utaratibu wa ofisi. Mpe simu athibitishe taarifa zake."

Nilimwangalia Karani. Alikuwa ananitazama midomo, ananyoosha shingo. Nikamwandikia wanachotaka. Akachukua simu, akaishika kwa mikono miwili, akataja jina lake kamili, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ile sauti ya uwanja wa mahakama. Watu wawili waliokuwa wakipita nje wakasimama. "Mimi ndiye niliyenunua," alisema. "Uliza unachotaka kuuliza, nami sitasikia, kwa sababu kifaa mlichoniuzia hakifanyi kazi." Akanirudishia simu. Ilikuwa imekatwa.

Kuanzia hapo tukawa na Alhamisi. Alishuka kwenye hiace ya Bonga saa nne, jalada mkononi. Jalada hilo lilikuwa jipya, na juu yake aliandika kwa wino mweusi neno *Mlaji*, kwa sababu ndivyo sheria inavyomwita mnunuzi. "Mimi sijala kitu," alisema, "lakini wacha waniite hivyo." Tulichapa ujumbe wote uliotumwa na kujibiwa, pamoja na stakabadhi ya malipo na picha ya kifaa kimoja ndani ya kisanduku cha viwili. Tangazo lao lilipofutwa mtandaoni halikutusumbua, kwa sababu alikuwa ameshaligandisha kama picha kwenye simu siku aliyonunua, nami nikalichapa, likiwa na ile ahadi ya kurudisha fedha chini kabisa. Hata aliponunua kwa siri, karani ndani yake hakulala.

Tulikwenda pamoja kwa afisa biashara wa mji. Alikuwa kijana mpole, akamwamkia Karani kwa kuinama, na aliponiona naandika maneno yake akavuta karatasi akaanza kuandika mwenyewe. Nilimpenda kwa hilo. Aliandika kwamba yale maneno ya *mali ikishauzwa hairudishwi*, yanayochapwa kwenye kila risiti ya hapa nchini, hayaondoi haki ya mnunuzi. Bidhaa lazima ifanane na ilivyotangazwa, na ifanye kazi iliyonunuliwa kuifanya. Ikiwa haifanyi, mwenye duka anawajibika, awe na duka la mlango au la kwenye simu. Karani alisoma, akaomba atie sahihi na tarehe. Kijana akatia. Akamshauri aandike barua rasmi ya madai, awape siku za kujibu, nakala ije kwake, wasipojibu ataipeleka kwa wanaoshughulikia malalamiko ya walaji.

Barua ile tuliiandika Alhamisi tatu. Kila sentensi aliinyoosha. Mimi niliweka "mmenidhulumu," yeye akalifuta. "Hilo ni neno la mtu anayelia," alisema. "Andika: bidhaa haikuwa kama ilivyotangazwa." Wauzaji walipopokea walipoa. Wakasema watamtumia kingine, hakikuja. Kisha wakasema achague bidhaa nyingine yoyote ya thamani ile ile, na wakatuma picha za blenda, pasi na saa za ukutani. Karani alizitazama zote kwa makini hadi ya mwisho.

"Waandikie kwamba pasi ninayo," akasema.

Nami nilikuwa nimenogewa. Abeli yuko chuoni Dodoma, mume wangu ni dereva na hukaa njiani kuliko nyumbani, na duka siku nyingine ni mimi na mashine ya kopi. Alhamisi nilichemsha chai mapema. Nilikuwa nimeacha kumtoza. Lakini ikafika miezi ya fomu za wanafunzi, foleni ikatoka hadi nje, na Karani alikuwa amekaa kwenye kiti chake na barua nyingine ya kuwakumbusha, anataka nibadilishe aya. Akanipa simu yake nichapishe ujumbe wao wa mwisho. Nikiupekua, nikauona ujumbe wa kampuni ya simu. Fedha yake ilikuwa imerudishwa yote. Ilikuwa imerudi wiki tano nyuma.

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo najiuliza ingenigharimu nini kunyamaza, kuchapa barua yake, kuipanga isilale, na kumpa chai. Foleni ilikuwa inanung'unika, mkono ulikuwa unaniuma. Nikamgeuzia ile simu mbele ya uso na kusema, "Karani, si wameshakulipa? Sasa unanichezea?"

Maneno mengine yote alihitaji kuandikiwa. Hayo aliyasoma midomoni mara moja.

Hakujitetea. Alifunga jalada, akalifunga kwa kamba yake, akauliza anadaiwa kopi ngapi tangu nilipoacha kumtoza. Nikasema hakuna. Akaweka noti kaunta, nyingi kuliko zilizostahili, akajipenyeza kati ya watoto wa foleni, akatoka. Alhamisi iliyofuata hakuja. Nilijisemea ana shughuli. Iliyofuata nikachemsha chai nikainywa mwenyewe. Kisha ukawa mwezi, na mimi mtu wa duka, siku za kazi nasema nitakwenda Jumapili, Jumapili nasema nimechoka.

Nilikwenda baada ya mavuno ya mbaazi, vumbi likiwa jekundu kwenye njia zote za Bonga. Nilikuwa nimesikia kwa mama mmoja wa kwaya kwamba binti wa marehemu dada yake anakuja kutoka Singida kumchukua, akaishi naye huko. Nyumba imeshapata mpangaji. Nilifika saa tisa mchana, nikasimama kwenye uzio nikapiga hodi. Nikapiga tena. Ya tatu nikaipiga kwa nguvu mpaka jirani akachungulia, ndipo nikajisikia mjinga. Nilikuwa nabisha hodi kwa mtu asiyesikia, nikisubiri aniambie karibu. Sikuwa nimewahi kuingia kwa mtu bila kukaribishwa. Siku hiyo niliingia, nikanyata kana kwamba nakwenda kuiba, nikamkuta nyuma ya nyumba ameketi juu ya gunia, anapepeta mbaazi. Nikazunguka mbali ili anione kabla sijamsogelea, nisimshtue.

Aliniona. Ungo ukasimama hewani. Kisha akasogea pembeni ya gunia, akaniachia nafasi.

Tulipepeta wote. Alikuwa na daftari na kalamu pembeni, nikamwandikia habari za Abeli, za mume wangu, za mvua. Yeye alizungumza kwa mdomo. Alisema kwamba ile fedha aliipeleka hospitali, hatimaye, akapimwa kwenye hospitali kubwa, daktari akamwambia sikio limeharibika mno, kifaa kidogo kisingemfaa hata kama kingekuwa kizima. Alisema bila uchungu. Alisema mpwa wake ana watoto wanne na nyumba yenye kelele, akacheka kidogo. Halafu, bila kunitazama, akitoa mawe kwenye ungo, akasema:

"Ile siku fedha iliporudi nilifurahi mpaka mchana. Jioni nikakaa kitandani nikajiuliza, Alhamisi nitakwenda wapi?"

Nilichukua kalamu. Nilikuwa nimekuja na neno moja kutoka mjini, na karatasi ilikuwepo magotini. Niliandika *Mbaazi za mwaka huu ni nzuri*. Kwake yeye kitu kikiandikwa kinawekwa, kinatiwa tarehe, kinakaa kwenye jalada, nami niliona haya kosa langu libaki humo kwa maandishi. Akasoma, akakubali kwa kichwa, akasema ndiyo, hazikupata wadudu.

Jua lilipoanza kushuka nilisimama. Akanifungia mbaazi kwenye mfuko, akajitanda khanga, akanisindikiza. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba inatosha, abaki langoni, hakutaka. Tulitembea hadi barabara ya lami, yeye akisimulia mashamba tunayoyapita ni ya nani na yaligombewa na nani. Lori la Dodoma likatokea kwenye kona likipiga honi, naye alikuwa ameshaweka mguu kwenye lami, anaendelea kusimulia. Nilimvuta mkono kwa nguvu akaniangukia begani. Lori likapita na upepo wake. Tukakaa hivyo tumeshikana kwa muda, nikausikia moyo wake unavyodunda.

"Lilikuwa linakuja?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akarekebisha khanga, akanipa mkono kwa heshima kama tulivyokuwa tukiagana dukani, akageuka kurudi kwake. Alitembea wima, katikati ya njia ya vumbi, hatua zake ndefu. Ndipo nikalisema lile neno nililoshindwa kuliandika. Nililisema kwa sauti, "Nisamehe, Karani," nikalirudia kwa nguvu zaidi, na bodaboda mmoja aliyekuwa akisubiri abiria akageuka kunitazama. Yeye hakugeuka. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya uzio wake, akainama kuokota kitu njiani, akakifuta vumbi, akaingia nacho ndani.